Kabla ya xièxie, jaribu pole na kazi

Habari za jioni. Nimepewa dakika ishirini, na nusu yenu mlishanisikia nikiyasema haya, kwa hiyo utangulizi naukata. Xièxie, ile asante ya Kichina, nyote mnaijua. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou kufunga mzigo anaijua hata kabla viza haijatoka. Ugomvi wangu ni kwamba mnaondoka na hiyo hiyo moja, mnaimwaga kila mahali kama chumvi, halafu mnashangaa mbona mwenyeji kapoa.

Kosa liko hapa: Kichina tunajifunza kwa kupitia Kiingereza. Kitabu kinamwambia mwanafunzi neno hili ni sawa na lile, naye analigeuza tena kuwa asante, kamaliza. Tumezunguka Mwanza kwenda Bagamoyo! Mtu akitoka kazini wewe unamwambiaje? Pole na kazi. Akishuka kwenye basi? Pole na safari. Mwingereza hana kitu hicho. Mwambie pole na kazi kwa lugha yake, atauliza nani kafariki ofisini. Mchina anacho. Xīnkǔ le. Xīn ni ukali, ule wa tangawizi unaochoma koo. Kǔ ni uchungu, wa shubiri. Unamwambia mwenzako kwamba kazi hii imekuonjesha ukali na uchungu, na mimi nimeona. Tarehe 10 Septemba, Siku ya Walimu kule, wanafunzi wanawaambia walimu wao hivyo. Dereva anaambiwa. Aliyetoka mbali anaambiwa yílù xīnkǔ le, pole na njia yote. Sasa hapo unahitaji kamusi ya Kiingereza ya nini?

Niruhusuni nisimulie kile kisa. Ndiyo, kile cha jiǎozi. Aliyekwisha kukisikia atoke akanywe maji.

Nilikuwa mwanafunzi Jinan, mkoani Shandong, na mwenzangu wa darasa akanialika kwao Mwaka Mpya wa Kichina. Mimi nimelelewa Tanga, adabu nimepewa na bakora juu. Mama mwenye nyumba akiniwekea kipande cha samaki: xièxie. Akiniongezea chai: xièxie. Akinisogezea tishu: xièxie. Mzee akaanza kucheka. Mama hakucheka. Usiku mwenzangu ananiambia, mama anauliza amekukosea nini. Amenikosea? Mimi niliyeshukuru mpaka mate yakakauka? Ndipo akanipa neno jiànwài. Jiàn ni kuona, wài ni nje. Kujiona mtu wa nje. Kumbe yule mama alishanitia kwenye hesabu ya wanawe, na mimi kila nikifungua mdomo namkumbusha kuwa mimi ni mgeni.

Kesho yake jioni nikaingia jikoni. Anatengeneza jiǎozi, vile vitumbua vya unga vinavyojazwa nyama na kabichi vikachemshwa. Sura yake ni kama sambusa iliyonenepa. Unga umemfika kwenye viwiko. Nikasema: Āyí, xīnkǔ le. Mama mdogo, pole na kazi. Akanitazama, akajifuta mkono, akanikabidhi kijiti cha kusukumia. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi langu nilipewa ya pili. Na msidhani ni kama kusukuma chapati. Mkono wa kulia unasukuma ukingo tu, wa kushoto unazungusha, ili katikati pabaki panene pasije pakapasuka kwenye maji ya moto. Changu cha kwanza kilitoka ramani ya Afrika, na Madagaska yake pembeni. Akacheka hadi akakaa chini, akakijaza hivyo hivyo, akakitumbukiza sufuriani. Tangu hapo hakuna aliyeuliza nimekosewa nini.

Najua kuna mtu anasubiri kusimama aniambie: mwalimu, vijana wa Shanghai siku hizi wanasema xièxie kwa kila mtu. Wanasema, nani kakataa? Muuza kahawa, mleta vifurushi, aliyekushikia mlango wa lifti, wote wape, hakuna atakayenuna. Sijasema mlitupe. Nasema ukilimwaga ndani ya nyumba ya mtu linakutoa nje. Hata jibu lake ndivyo linavyosema. Bú kèqi, ambayo vitabu vinatafsiri “karibu”. Kè ni mgeni, qì ni hewa, ni hali ya mtu. Anakwambia: acha ugeni. Mtu anakwambia acha ugeni, wewe unazidi kuinama!

La pili, haraka. Máfan nǐ le: nimekusumbua. Hii ni ya aliyekuhangaikia, karani aliyekutafutia fomu, jirani aliyekupokelea mzigo. Unaitaja taabu yake. Kwa mtu mzima weka nín badala ya nǐ, hasa Beijing na kaskazini. Kusini hamtaisikia sana.

La tatu ni sauti, na leo sitaimba. Xiè inashushwa, kama unavyomwambia paka “toka!”, na ile ya pili inafifia. Ukiipandisha badala ya kuishusha umetaja kiatu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi Guangzhou, maana ndiko mnakokwenda, na nimeipunja. Wenyeji wa kule wana Kikantoni chao, na kwao shukrani ni mbili. Aliyekufanyia jambo, kwa mfano mhudumu aliyekuongezea maji ya moto kwenye birika, ni m̀h gōi. Aliyekupa kitu, kama bahasha nyekundu ya Mwaka Mpya, ni dō jeh. Msizichanganye. Zawadi pokeeni kwa mikono miwili. Yenu mwenyeji akiikataa mara mbili, endeleeni kumpa, na akiiweka kando bila kuifungua msinune, ndiyo heshima yenyewe. Na chai: mtu akikumiminia huku unaongea, usikatize maneno. Kunja vidole viwili, gonga meza taratibu. Husimuliwa kwamba mfalme Qianlong wa China ya zamani alisafiri kwa kujificha, akammiminia chai mtumishi wake. Maskini hakuweza kupiga magoti bila kumfichua bwana wake, akapigisha magoti vidole.

Haya, naona birika limefika mezani. Mwenyekiti, mimina. Maswali nitayajibu huku nikigonga.