Manong Philip: kaka ambaye shamba liliuzwa kwa ajili yake

Asanteni. Mliosimama mlangoni ingieni, viti viko huku mbele.

Nimeombwa nimkumbuke mtu wa familia. Nimemchagua Philip Vera Cruz, na familia nitakayoisema si ya mke na watoto. Ni mama yake na wadogo zake, aliowaacha akiwa kijana wa miaka 21. Mliosomeshwa na kaka mmeshaanza kunipata.

Alizaliwa siku ya Krismasi mwaka 1904 kijijini Saoang, Ilocos Sur, kaskazini mwa Ufilipino. Mwaka 1926 nyumbani wakauza shamba, nauli ya meli ikapatikana, akaenda Marekani. Ufilipino ilikuwa koloni la Marekani, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Hesabu ilikuwa nyepesi: asome, apate kazi, arudi. Lakini shamba likishauzwa kwa ajili yako, kila barua ya nyumbani ina deni ndani yake, hata ikiwa ya salamu tupu.

Akaingia kiwanda cha masanduku jimbo la Washington. Akapalilia viazisukari North Dakota. Akafanya kazi mikahawani. Chuo Kikuu cha Gonzaga alikigusa kama mwaka mmoja tu, akaacha. Shule iliendelea kule nyumbani, kwa wadogo zake, kwa hela zake.

Wafilipino wa rika lake huitwa manong. Ni neno la Kiilokano, maana yake kaka mkubwa, na hutamkwa kwa heshima. Wengi wao walizeeka bila mke wala mtoto, na msidhani ni ukapera wa kujitakia. Wanawake wa kwao waliovuka bahari walikuwa wachache mno. Mwaka 1933 California ikaandika katika sheria kwamba Mfilipino haruhusiwi kuoana na mzungu, na katazo hilo halikuvunjwa na mahakama hadi 1948. Mwaka 1934 ikaja sheria nyingine: Wafilipino 50 tu kwa mwaka ndio waruhusiwe kuhamia Marekani. Hamsini! Daladala mbili zikijaa, mwaka umekwisha. Na kabla ya hapo, Januari 1930, kule Watsonville, California, makundi ya wazungu yaliwawinda Wafilipino usiku baada ya usiku, kwa sababu wamecheza dansi na wasichana wazungu. Kijana Fermin Tobera alipigwa risasi akiwa bwenini, akafa. Alikuwa na miaka 22.

Mtu wa namna hiyo unamwambia aanzishe familia wapi?

Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilipokuja Philip aliitwa jeshini, akaachiwa kwa ajili ya umri, akapelekwa mashambani. Ndivyo alivyofika Delano, California, kwenye mizabibu ya bonde la San Joaquin, akakaa. Kazi ya zabibu msiione tamu kwa sababu ya tunda lake. Unachuma umeinama chini ya majani, vumbi la salfa linawasha macho, joto linapita nyuzi 38, na jioni unarudi kambini kulala chumba kimoja na wanaume wenzako.

Septemba 1965 manong hao, wengi wao wameshazeeka, walikutana Filipino Hall pale Delano wakapiga kura ya kugoma. Walidai dola 1.40 kwa saa na senti 25 kwa kila sanduku. Kambini wenye mashamba wakawakatia maji, umeme na gesi. Wazee wakapika nje. Wiki iliyofuata vibarua wa Kimeksiko walioongozwa na Cesar Chavez wakaungana nao, na jiko la Filipino Hall likawa la wote. Mgomo ule ulikwenda miaka mitano. Watu wengi wanamjua Chavez. Walioanza hawatajwi sana, nami hilo linaniudhi.

Philip akawa makamu wa rais wa chama cha wafanyakazi wa mashambani kilichozaliwa pale, Chavez akiwa rais. Mwaka 1977 Chavez alipokubali mwaliko wa Marcos, rais wa Ufilipino, kwenda Manila, wakati nchi iko chini ya sheria ya kijeshi, Philip alipinga waziwazi, na mwaka huohuo akaondoka kwenye uongozi. Alikuwa na miaka zaidi ya 70. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1974, chama kilikuwa kimefungua Agbayani Village, nyumba za manong waliostaafu, waliokuwa wakizeekea kambini. Mimi naiita hiyo boma la ukoo wake.

Sasa, kwa nini hakurudi kwao miaka yote hiyo? Niseme ninavyoona mimi. Kaka yangu alikaa Muscat miaka mingi, ndiye aliyenilipia ada. Kila akiandika "mwakani narudi", mama alifua mashuka ya kitanda chake na kuyaanika uani. Kaka haji. Baadaye akaniambia: nauli ya kuja ilikuwa ndiyo ada yako ya mwaka. Philip naye, kila alipopata nauli, nadhani kulikuwa na mtu wa kusomeshwa.

Aliiona tena Ufilipino baada ya zaidi ya miaka 60, alipokwenda kupokea tuzo aliyopewa mwaka 1987, yenye jina la Ninoy Aquino, mpinzani wa Marcos aliyeuawa. Mjane wa Ninoy, Corazon, ndiye aliyekuwa rais. Kisha akarudi California, akafariki Bakersfield mwaka 1994, akiwa na miaka 89.

Maswali? Mama wa kanga ya kijani, nimekuona unatikisa kichwa tangu nilipotaja nauli. Anza wewe.