Kuvuja Mkojo Baada ya Kuzaa: Mhadhara kwa Akina Mama wa Uyole, Mbeya

Shikamooni mama zangu. Na wadogo zangu, hamjambo. Wanaume wameshatoka, mlango umefungwa, kwa hiyo nitasema wazi.

Ukikohoa, ukicheka sana, ukijitwika ndoo, mkojo unakuponyoka. Ukilalamika unaambiwa, "Ndiyo uzazi, vumilia." Uzazi umechangia, sikatai, lakini kuvumilia si tiba.

Chini ya nyonga kuna misuli iliyotanda kama machela, kuanzia mfupa wa kinena hadi kifandugu. Ndiyo inayobeba kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Mimba inailemea, mtoto akipita inavutika, pengine inachanika. Wiki chache tu, mama yuko shambani ananyanyua viazi, na lumbesa ya huku, gunia lililojazwa kupita kiasi, mnaijua! Weka na kikohozi cha baridi ya Juni, moshi wa kuni, choo kigumu. Vyote vinasukuma kuelekea chini.

Kwa wengi tunaanza na mazoezi kabla ya kufikiria kisu. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika kuyahusu mwaka 1948, na bado tunayatumia. Kaa vizuri. Bana kama unazuia ushuzi (chekeni tu), kisha bana na mbele kama unazuia mkojo, uvute kwa ndani kwenda juu. Mapaja na makalio yatulie. Endelea kupumua! Wengi hapa hukata pumzi wakasukuma chini, na hapo wanajiongezea ugonjwa. Shikilia hadi hesabu ya tano, ukizoea hadi kumi, halafu achia kabisa. Rudia mara 8, kwa awamu 3 kila siku, walau miezi 3. Usifanye zoezi la kukatakata mkojo chooni, mkojo hautaisha vizuri kibofuni. Kama hujui unabana panapotakiwa, mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, anaweza kukupima kwa kidole, kwa ridhaa yako.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Tafuta mtu akutwishe. Ukiwa peke yako, kunja magoti, bana kwanza, toa pumzi, ndipo uinue. Chafya nayo ni hivyo hivyo: ukiihisi inakuja, bana kabla haijatoka.

Kuna wanaoacha kunywa maji ili wasivuje. Mnajisumbua: mkojo mzito unakichokoza kibofu, na choo kinakuwa kigumu.

Anayeumia nyonga au wakati wa tendo la ndoa asijibanebane ovyo. Huenda misuli yake imekaza mno, na anachohitaji ni kufundishwa kuilegeza. Anayehisi kinyama kinashuka ukeni aje apimwe.

Na yule ambaye mkojo unamchuruzika mchana na usiku tangu uchungu uliomkalia muda mrefu, huyo si wa mazoezi. Inaweza kuwa fistula, tundu kati ya kibofu na uke, na kwa kawaida huzibwa kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam huitibu bure. Mkimjua jirani wa namna hiyo aliyejifungia ndani kwa aibu ya harufu, mpelekeni kituo cha afya apewe rufaa.