Presha ya Kijiji Kizima

Wanaonifahamu wameshaanza kucheka. Wanajua naanza na zile kadi. Ndiyo, naanza nazo.

Zahanati moja, huku huku kanda ya kati, niliomba kadi ishirini za kliniki ya wajawazito. Ya kwanza, presha 110/70. Ya pili, 110/70. Binti wa miaka 17, 110/70. Mama wa mimba ya saba, 110/70. Nikamwambia nesi, hongereni, kijiji kizima mnatumia moyo mmoja! Akainama. Mashine ilikuwa kabatini, mpira wake umetoboka tangu masika. Lakini kadi haitakiwi kuwa wazi, basi inajazwa. Pale kwenye benchi alikaa mama mmoja, miguu imevimba mpaka kandambili hazimwingii. Tukaazima mashine kituo cha jirani: 160/110. Tukampakia kwenye gari tulilojia, hadi hospitali ya wilaya, kabla kifafa cha mimba hakijamwahi. Na kwenye MTUHA, yale madaftari ya takwimu za kituo? Mahudhurio manne, safi kabisa.

Kuna atakayesema, daktari, unawaonea wauguzi. Siwaonei! Nesi mmoja, foleni imefika mbuyuni, afanyeje? Nagombana na sisi tunaohesabu. Tunauliza "amekuja mara ngapi" kwa sababu ndilo swali jepesi. Utafiti wa kitaifa wa hapa Tanzania wa 2015–16 ulikuta karibu nusu ya akina mama walifika mara nne au zaidi, lakini walioanza ndani ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba ni kama robo tu. Marekani wana kipimo cha mtafiti Kotelchuck, cha 1994: ukianza baada ya mwezi wa nne wa mimba, huduma yako haitoshi, hata ukihudhuria kila wiki. Kikali, nakipenda. Ila nacho hakiulizi kama mkojo ulipimwa.

WHO, Shirika la Afya Duniani, tangu 2016 wanataka mara nane, ya kwanza ndani ya wiki 12. Sawa. SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, inaanza wiki ya 13, dozi na dozi mwezi mmoja. Aliyekuja na mimba ya miezi minane utampa dozi tatu lini? Na msiseme ni uzembe wake. Alikuja mapema, akaambiwa aje na mume; mume yuko machimboni, basi akalete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti yuko shambani!

Wingi wa damu na kaswende nilikuwa nimeviandaa, naona naonyeshwa saa. Haya. Kabla ya chai, mwenye mashine ya presha mbovu kituoni aje aniandikie hapa. Kalamu ninayo.