Mkoba wa Waswati unaanzia kwenye paja

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Asanteni kwa kunikaribisha. Mliokaa nyuma naomba msogee kidogo maana huu mkoba nataka muuone kwa karibu, picha ya simu haitoshi.

Huu umesukwa Eswatini, ile nchi tuliyozoea kuiita Swaziland mpaka mwaka 2018 Mfalme Mswati wa Tatu alipotangaza irudie jina lake la zamani. Nchi ndogo, Afrika Kusini imeizunguka karibu pande zote, mashariki tu ndo kuna Msumbiji. Mkoba niliununua Ezulwini, pale soko la kazi za mikono la Mantenga, na nikamuuliza mama aliyeniuzia kausuka siku ngapi. Hakunijibu kwa mdomo. Alipandisha sketi kidogo juu ya goti, akachukua nyuzi kama kumi hivi za mkonge, akalowesha kiganja, akaziviringisha juu ya paja kwenda mbele, akazirudisha nyuma, zikajisokota zikawa uzi mmoja mwembamba kama wa kushonea viatu. Urefu wa shibiri moja hivi. Alafu akaongeza nyuzi nyingine, akaendelea. Nilipoliangalia lile paja ngozi yake imeng'aa na imekuwa ngumu pale pale uzi unapopita, nikaelewa kwamba nilichouliza ni kusuka tu, na kazi kubwa inakuwa imeshafanyika kabla sindano haijashikwa.

Na mkonge wenyewe ni huu huu jamani! Asili yake Meksiko, kwetu Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 akaupanda upande wa Pangani, na tangu hapo sisi watu wa Tanga tunaujua kwa tani, kwa singa, kwa kamba na magunia. Kule mama anakata majani machache, anayakwangua kwa mkono mpaka nyama ya kijani itoke, na mnajua yale maji yake yanavyowasha, alafu anaosha, anaanika, anapika na rangi, ndo anakaa kusokota. Jani lile lile ambalo huku tulilipima kwa uzito wao wanalipima kwa wembamba wa uzi, na bei inafuata wembamba. Kuna kampuni inaitwa Tintsaba, kule kaskazini Piggs Peak, ilianzishwa mwaka 1985 na Sheila Freemantle, wao wamejenga jina kwenye huu mkonge tu, vikapu vyao vimesukwa kwa kubana kiasi kwamba ukipitisha kidole unahisi kama kitambaa.

Ila msidhani ni mkonge peke yake. Kuna nyasi inaitwa lutindzi, inaota milimani kwenye mawe, hiyo ndo ninayoipenda zaidi. Wanavuna majani, mizizi inabaki kwenye mwamba, inachipua tena. Gone Rural, kampuni nyingine ya kazi za mikono, ambao wako mji wa Malkerns tangu mwaka 1992, wananunua nyasi kwa akina mama wa vijijini, wanaipika na rangi, alafu wasukaji wanaichukua wanaenda kusukia nyumbani kwao, na hilo la nyumbani ni kubwa sana kwa sababu mama anasuka huku mtoto yuko pembeni na sufuria iko jikoni, haachi boma lake kwenda kutafuta hela mjini. Msuko wenyewe ukiuona utasema huu ni ukili wetu kabisa! Unasukwa mrefu, alafu unashonwa kwa kuzungushwa, sawa na bibi zetu wanavyoshona mkeka.

Na mkeka kwao ni kitu cha heshima. Bi harusi wa Kiswati anapeleka ukweni mablanketi, mafagio ya nyasi na mikeka, mkeka wa kulalia wanauita licansi. Kwa hiyo binti alijua kusuka kwa sababu kuna wakwe wanasubiri kuona mkono wake, na mkono huo huo ndo leo unasuka mikoba ya kuuza Ulaya na Marekani. Mimi naamini ndo maana hawalipui kazi.

Sasa shikeni huu. Anzeni na kitako, maana kitako hakidanganyi, ndipo msukaji anapoanzia na mzunguko wa kwanza ukilegea mkoba mzima utakaa upande. Geuzeni ndani muangalie kama kuna gundi, niliwahi kuuziwa mkoba mjini nikaambiwa ni wa mkono, mvua moja tu bitana ikabanduka na chini yake yote ilikuwa gundi. Huu hauna hata tone. Mkanda wa ngozi umeshonwa kupita katikati ya mizunguko, mzigo unabebwa na msuko wote, haubebwi na zile tundu mbili za juu.

Najua mnataka kuuliza bei, na kuna dada hapa ananong'ona ni ghali. Dada yangu, chukua huu mkonge mkavu niliokuja nao, kaa hapa mbele, sokota juu ya paja lako uzi wa kutosha mzunguko mmoja tu wa mdomo wa huu mkoba. Sisi tutaangalia saa, na bei utatutajia wewe.