Ile Karatasi Sikuitia Sahihi

Asalaam alaykum mama zangu na dada zangu. Nimeombwa nizungumze habari za mirathi, lakini sheria siwezi kuianza kabla sijawapa kisa changu, mtanisamehe, maana mimi mirathi nliijua nikiwa nimeketi jamvini mlangoni mwa nyumba nliyozaliwa, wenzangu wote wako juu vitini.

Nyinyi ni watu wa Lamu, sina haja ya kuwaeleza kuwa Mkomani ni mtaa wa majumba ya mawe ya koo kubwa, na Langoni ni mtaa wa watu wa kawaida. Kwetu ni Mkomani, nyumba ya mawe, ina daka la kuketi mlangoni, ina zidaka, vile vishubaka, ukuta mzima, na tangu udogo wangu naskia neno moja tu, kufu, yaani aliye sawa nasi kwa nasaba, fulani si kufu yetu, wale si kufu yetu. Mimi nikaolewa Langoni na mwana wa mvuvi. Marehemu baba ndo aliyeniozesha mwenyewe, akasema kijana anaswali na ana kazi, bas. Wengine hawakuja hata kula pilau.

Baba alipofariki, arobaini ikapita, shangazi akaniita. "Ndoo uketi, kuna jambo dogo." Jambo lenyewe karatasi, ishachapwa kabisa, inasema mimi kwa hiari yangu naliacha fungu langu la nyumba ili kulinda jina la ukoo. Kaka zangu watatu, ami, shangazi, wote wananitazama, kalamu imewekwa kwenye sinia ya kahawa, mama yuko pembeni kainamisha kichwa. Kaka mkubwa akasema hatutaki mtoto wa mvuvi arithi ukuta huu. Na mwanangu nimempakata, ana miaka sita, anaskia kila neno. Hilo ndo liloniuma kuliko karatasi.

Nlitaka kupiga kelele, wallahi. Lakini nliwaona wanangoja nipige kelele wapate kusema mwaona, ashakuwa mtu wa huko. Nikaisoma ile karatasi kwa sauti, polepole mpaka mwisho, nikaikunja nikairudisha kwenye sinia, nikambusu shangazi mkono nikamwambia, shangazi nakuheshimu, na hii sitii sahihi. Kaka akafoka, leo umetoka kwenye ukoo huu! Nikamwambia nimekuskia kaka. Sikuongeza. Nikajifunga buibui langu tukatoka, na Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, wote nimeupita miguu yanitetemeka, msidhani sikuogopa.

Haya, sheria. Suratun Nisaa aya ya 7, wanaume wana fungu katika walichoacha wazazi na wanawake wana fungu, kiwe kichache au kingi. Aya haikumtoa aliyeolewa Langoni. Aya ya 11, mwana wa kiume hupata mafungu ya wanawake wawili, na ya 12, mjane ambaye marehemu kaacha watoto hupata thumuni, yaani fungu moja katika manane. Pigeni hesabu ya kwetu: mama thumuni moja, mimi moja, kaka zangu kila mmoja mbili, nane imetimia. Sikuomba hata jiwe moja la ziada. Na korti ya Kadhi iko kwenye Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu, kwa hivyo asije mtu akawaambia ukienda huko umeivua nguo familia. Mimi nilienda na cheti cha kifo cha baba, cheti changu cha kuzaliwa, na barua ya chifu inayotaja warithi.

Huko kortini ndo nikajua nyumba ilikuwa ishatafutiwa mnunuzi, mgeni wa ng'ambo. Ukuta ambao mwanangu hafai kuurithi walikuwa wanauuza! Nikikumbuka hivi sasa bado kifua kinawaka. Kadhi akagawa vile vile ilivyo, mafungu manane.

Mama siku ile hakunena kitu, na nlimuonea uchungu siyo hasira, maana naye kalelewa na neno lile lile. Wiki ilofuata akaja Langoni, peke yake, hajawahi kuingia kwangu hata siku moja, akavua buibui, akauliza mbuzi iko wapi, akaketi akakuna nazi na mjukuu wake kando.

Shangazi salamu yangu haitikii mpaka leo. Nikikutana naye namwamkia.

Haya, mama wa pale nyuma umenyanyua mkono zamani, uliza mama.