Mkono hauna sapu: mhadhara kwa wanafunzi wanaosoma chuo huku wakipiga piano

Asanteni. Mwenyekiti wa klabu kanipa dakika arobaini, na piano mliyoniwekea hapa ina vitufe viwili vinavyoganda kila nikivibonyeza, kwa hiyo leo nitasema zaidi kuliko nitakavyopiga. Msiwe na wasiwasi, kidogo nitapiga.

Kila nikikutana na wanafunzi wa aina yenu, wanaosoma uhasibu au udaktari huku wanahangaika na nota za Bach, yule mtunzi wa kale wa Ujerumani, jioni, naulizwa swali lile lile: "Dada, muda ulikuwa unautoa wapi?" Mimi nilisoma uhandisi wa ujenzi, miaka minne, hapa hapa Dar es Salaam, na katikati yake nikajiandikisha mtihani wa piano wa gredi ya nane wa ile bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ABRSM, iliyoanzishwa mwaka 1889. Zamani nilikuwa nalijibu swali hilo kwa majigambo: nililala saa nne tu, niliamka alfajiri, nilipiga hadi vidole vikafa ganzi. Siku hizi naona aibu kidogo. Muda niliupata, tena mwingi. Niliutumia kama mtu anayekimbizwa.

Ilikuwa mwaka wa pili. Gredi ya nane mnaijua: vipande vitatu, skeli (zile ngazi za sauti), kusoma nota papo hapo, na mtihani wa masikio. Jumla ni alama 150, ukipata 100 umepita. Tarehe yangu ikaangukia wiki mbili kabla ya UE, mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula. Usharikani kwetu kulikuwa na piano ya zamani, na mchungaji aliniruhusu kuipiga baada ya ibada ya jioni. Bumu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, lilipoingia nikanunua taa ya kuchaji ili umeme ukikatika nisisimame. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita, kila siku.

Kipande kilichonitesa ni fyugi ya Bach, ile ya C maina kutoka kitabu cha kwanza cha mkusanyo wake uitwao *Well-Tempered Clavier*, cha mwaka 1722. Kwa waliokulia kwaya ni rahisi kueleza: chukua soprano, alto na besi, kila mmoja ana wimbo wake kamili, halafu waimbishe wote watatu kwa mikono miwili. Soprano anakaa kulia, besi kushoto, na alto ni kama mtoto wa wazazi walioachana, mara yuko kwa huyu, mara kwa yule. Kuna mahali alto anahama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na hapo ndipo nilipoanguka. Nikianguka narudi mwanzo. Nafika pale, naanguka, narudi mwanzo, kwa kasi zaidi, kana kwamba nikipita mbio shimo halitaniona.

Usiku mmoja mzee mlinzi akaingia na tochi yake. Nikamwamkia. Akaitikia, akasimama kidogo, akasema: "Binti yangu, muziki huo mimi siujui. Lakini kuna mahali unajikwaa kila siku, pale pale, halafu unaanza upya. Kwa nini usikae pale pale?"

Nilikasirika. Mwanafunzi wa chuo kikuu anafundishwa Bach na mtu mwenye rungu! Ilinichukua muda kukubali kwamba lile ndilo somo bora la piano nililowahi kupewa. Saa nne kila usiku nilikuwa nalifanyia mazoezi kosa, na kosa likawa limeiva kweli kweli. Mambo ya mwanzo yasiyohitaji mazoezi nilikuwa nayapiga mara thelathini, zile nota sita zenye shida nazigusa kwa sekunde mbili na kukimbia.

Wiki ya tatu mkono ukaanza kuwaka hapa, kati ya kiwiko na kiganja. Nikapaka dawa ya kuchua, nikaendelea. Wiki ya tano sikuweza kushika kalamu. Mtihani wa piano nikauahirisha, ada ikaenda na maji. Kwenye UE niliandika kurasa mbili za mekaniki ya vimiminika, mkono ukagoma, nikala sapu, yaani mtihani wa marudio. Sapu nilirudia Septemba, nikapita, hakuna anayeikumbuka. Mkono ulichukua miezi minane kurudi, na hadi leo hali ya hewa ikibadilika unanikumbusha. Chuo kina sapu, mkono hauna.

Hebu tufanye jambo moja, wote, hata walio nyuma. Weka kiganja mezani. Kidole cha kati kikunje kiingie chini ya kiganja. Vingine vilaze. Sasa inua gumba. Sawa. Inua cha shahada. Sawa. Cha mwisho, kile kidogo. Sawa. Haya, inua cha pete.

Mbona mnacheka? Hakiinuki. Wewe kaka unakisaidia na mkono mwingine, nimekuona.

Misuli inayokunja na kunyoosha vidole haimo vidoleni. Mingi iko huku juu, kwenye kigasha, na inavivuta vidole kwa kano ndefu kama nyaya za breki ya baiskeli. Kano za kidole cha kati na cha pete zimeunganishwa mgongoni mwa kiganja. Ukikunja kimoja, umemfunga na jirani yake. Ndivyo tulivyoumbwa, na hakuna zoezi la kuzitenganisha. Kuna namna za kugeuza kifundo na kuutumia uzito wa mkono ili kidole cha nne, yaani hicho cha pete, kisibebe peke yake, na hizo zinachukua miaka kuzizoea.

Kuna mwanafunzi mmoja wa sheria aliyeona miaka ni mingi mno. Robert Schumann, mzaliwa wa Zwickau, Ujerumani, mwaka 1810. Baba yake alikuwa muuza vitabu, akafariki 1826. Mama na msimamizi wa mirathi wakaamua kijana akasome sheria, kazi yenye mshahara. Maneno hayo hata hapa yanajulikana. Mwaka 1828 akaenda Leipzig kusoma sheria, akajipatia mwalimu wa piano, Friedrich Wieck, na mihadhara ya sheria ikamwona kwa nadra. Wieck alikuwa na binti, Clara, mtoto asiyefika hata miaka kumi, na alimzidi mwanafunzi huyu wa chuo kwa mbali. Hebu fikiria unatoka darasa la piano umeshindwa na mtoto wa darasa la tatu.

Mwaka uliofuata akahamia Heidelberg. Huko mhadhiri wake mmoja wa sheria alikuwa Thibaut, mwanasheria mkubwa wa zama zile, na nyumbani kwake watu walikusanyika kuimba kwaya za kale. Yaani mwanasheria mwenyewe alikuwa na maisha mawili na hakuona ajabu. Schumann angeweza kumwangalia akajifunza. Lakini Pasaka ya 1830 alisafiri hadi Frankfurt akamsikia Paganini akipiga fidla, na habari ya sheria ikaishia hapo. Tarehe 30 Julai akamwandikia mama yake kwamba maisha yake yote yamekuwa vita ya miaka ishirini kati ya ushairi na nathari, au iite muziki na sheria. Akamwomba mama amwulize Wieck. Wieck akajibu kwamba ndani ya miaka mitatu atamfanya Robert kuwa mmoja wa wapiga piano wakubwa waliopo.

Mitatu! Mimi nikisoma hapo natamani kurusha kitabu. Kijana wa miaka ishirini, ameanza kwa kuchelewa, anapewa tarehe ya mwisho kama mkandarasi wa barabara. Na alifanya wanachofanya wakandarasi wanaofukuzwa na tarehe. Alitumia kifaa cha kuvuta na kuimarisha vidole. Kufikia 1832 kidole cha kati cha mkono wa kulia hakikumtii tena. Wataalamu wanabishana hadi leo kama chanzo ni kile kifaa, au mazoezi yenyewe yaliyopita kiasi, au maradhi ya neva, au dawa alizokuwa anakunywa. Mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba kati ya tiba alizoandikiwa ilikuwemo kuuzamisha mkono ndani ya matumbo ya mnyama aliyechinjwa muda huo huo, bado ya moto. Angekuwa wa hapa, alfajiri angekuwa Vingunguti machinjioni, kakunja mkono wa shati, anasubiri foleni.

Watu hupenda kumaliza kisa hiki kwa kusema basi, Mungu alikuwa na mpango wake, maana asingeumia asingekuwa mtunzi. Sijui. Alishaanza kutunga kabla hajaumia, kazi yake ya kwanza ilichapwa 1831. Ninachokiona ni mtu wa miaka ishirini na mbili ambaye kazi zake za piano ilibidi zipigwe na wengine, hasa yule mtoto Clara, ambaye baadaye alimwoa, mwaka 1840.

Mwingine nitampitia upesi. Condoleezza Rice, waziri wa mambo ya nje wa Marekani kuanzia 2005 hadi 2009. Alianza piano na umri wa miaka mitatu, akaingia chuo kikuu cha Denver kusoma piano hasa, kama fani. Kiangazi kimoja akaenda Aspen kwenye tamasha la muziki, akakuta watoto wa miaka kumi na moja wanasoma na kupiga papo hapo kipande kilichomgharimu yeye mwaka mzima. Akapiga hesabu yake, akahamia sayansi ya siasa, akahitimu 1974. Piano hakuiacha. Mwaka 2002, akiwa mshauri wa usalama wa rais, alipiga muziki wa Brahms jukwaani pamoja na mpiga selo Yo-Yo Ma. Sisemi muige uamuzi wake. Nasema aliketi akahesabu, badala ya kumwachia mkono wake ndio uje kumwambia.

Na mpiga piano George Li, aliyepata medali ya fedha kwenye mashindano ya Tchaikovsky huko Moscow mwaka 2015, wakati huo alikuwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza Harvard. Wao wana mpango maalumu na chuo cha muziki cha New England, mjini Boston, unaounganisha shahada hizo mbili. Mnajua unachukua muda gani? Miaka mitano. Wenye piano kila kona na walimu wa kila aina waliongeza mwaka. Sisi tunataka kubana yote kwenye miaka mitatu na kinanda cha kuazima.

Hilo la kinanda linaniuma, acha niliseme. Piano ina vitufe 88, na kila kimoja kinahitaji uzito wa gramu 50 hivi ndipo kishuke, kwa sababu ndani yake kuna nyundo ya kurusha. Kinanda cha kwaya cha vitufe 61 hakina nyundo, ukikipumulia kinalia. Nilipopona nilifanya mazoezi yangu kwenye kinanda cha namna hiyo, nikaingia chumba cha mtihani, nikakuta piano halisi, na Bach akatoka na mapengo kama mtoto anayeota meno. Nilipita, alama 104. Kwa hiyo ushauri wangu, na mafundi wa piano wanisamehe: hapa pwani, ambapo unyevu unavimbisha mbao na kutia nyaya kutu, kama klabu ina fedha kidogo nunueni piano ya umeme yenye vitufe vizito kabla ya kufufua maiti ya piano ya mkoloni. Na tangu 2020 bodi ile inapokea pia mtihani wa kujirekodi kwa video, kwa hiyo unaweza kutahiniwa kwenye chombo unachokijua.

Sasa turudi kwenye swali lenu la muda: tuseme kwa siku mna dakika arobaini tu za piano. Chukueni baa nne. Za muziki, zile sehemu fupi za nota zinazotengwa kwa mistari, si zile za pombe za Sinza. Mkono wa kushoto peke yake, polepole hadi uone haya. Ukimaliza baa nne, funga, kasome. Kesho, kabla ya kugusa kitufe, jaribu kuziandika kichwani. Mimi nilikuwa nazisoma kwenye daladala ya Mbezi, karatasi magotini, na kondakta mmoja alizoea kuniita mwalimu wa kwaya.

Na sisi wa kwaya tuna mali yetu, solfa, ile ya do, re, mi. Sikilizeni hii, ya Schumann, *Träumerei*, ya 1838, ameshaumia tayari. Imbeni nami kwanza. So ya chini... do, ikae. Halafu ti, do, mi, so, do ya juu, do. Tena: so, do... ti, do, mi, so, sasa ruka, mi ya juu, mi. Mmeona? Mara ya kwanza anapanda anafika nyumbani, mara ya pili anapita mlango wa nyumba. Wimbo mmeshaushika na hakuna aliyegusa piano. Kilichobaki kwa vidole ni kazi ndogo kuliko mlivyodhani, ingawa sauti za ndani zitawasumbua, alto yule yule wa wazazi walioachana.

Nani anakuja kujaribu? Wewe dada, mwenye daftari la kemia. Usiogope vitufe vinavyoganda, kimojawapo hutakihitaji. Kaa karibu kidogo, shusha mabega. Hapana, wa kulia uweke magotini. Kushoto peke yake, baa mbili tu. Sisi tutakuimbia juu yake.