Kabla ya kukopa, ifuateni ndoo ya dagaa

Mwangaluka, akina mama na vijana wa Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza!

Nimeombwa nizungumze juu ya ujasiriamali, na najua wengi mmekuja na swali la mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Hauna riba, na mna haki ya kuuomba. Lakini kikundi kinachopoteza mali kila siku, ukikiongezea mtaji kitapoteza zaidi, kisha kibaki na deni. Kwa hiyo mkopo tuuweke pembeni kwanza.

Twendeni ufukweni. Mtumbwi umetia nanga alfajiri, dagaa wamepakuliwa, ndoo zimepangwa mchangani. Hakuna anayeanika. Kwa nini? Mwenye daftari hajafika, na bila yeye hakuna kupima. Jua linapanda. Dagaa ni samaki mdogo, haraka sana tumbo linapasuka, na akishapasuka hata umwanike vipi hatapata bei ya mboga. Anaishia kwenye chakula cha kuku. Mwisho wa mwezi kikundi kinakaa kikao kulalamikia bei ya soko! Wahenga walisema pakacha likivuja, nafuu kwa mchukuzi. Anayeumia ni mwenye mali, na hapa wenye mali ni ninyi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Toyota ya Japani haikuwa na fedha za kushindana na viwanda vya Marekani. Mhandisi wao Taiichi Ohno akaanza kusaka upotevu ndani ya kazi yenyewe, akautaja wa aina 7, na mmojawapo ni kusubiri. Inasimuliwa kwamba alikuwa akichora duara kwa chaki sakafuni, anamsimamisha msimamizi humo, anamwambia atazame kazi mpaka aone kasoro. Njia hiyo ya kuboresha kidogo kidogo, kaizen, imekuwa ikifundishwa hapa nchini kupitia wizara yetu ya viwanda. Msiiogope kwa kuwa imetoka kiwandani. Mwenyekiti, simama pale mwaloni, mitumbwi inapopakua, tangu ndoo ya kwanza ishuke mpaka gunia lifungwe. Usiseme neno, andika tu ndoo imekaa wapi, kwa muda gani, ikimsubiri nani.

Kuhusu kuanika sitasema mengi, mnajua. Kwenye kichanja upepo unapita juu na chini, dagaa wanakauka upesi bila mchanga.

Jambo ninalotaka tulikalie ni hofu. Mvua imenyesha, dagaa hawajakauka vizuri, na mama anajua akisema atafokewa mbele ya wenzake na kukatwa fedha. Anafanyaje? Anawaweka chini ya gunia, wakavu juu. Mnunuzi anayepeleka mzigo Kongo anafungua gunia safarini, anakuta ukungu mpaka katikati. Hatarudi kwenu, na hatawaambia sababu. Mimi simlaumu yule mama. Naulaumu uongozi uliomfundisha kwamba kuficha ni salama kuliko kusema. Kiongozi akiletewa habari mbaya mapema, ashukuru kwanza, kisha aulize, "Tufanyeje mvua ikinyesha tena?" Hapo ndipo mtasikia mtu anapendekeza turubai, mwingine anapendekeza wabichi watengwe wauzwe kwa bei yao. Mawazo hayo mnayo tayari, yamezibwa midomo tu.

Na daftari lisiwe mali ya mtu. Likae kwenye mizani, wajue kuliandika watu watatu, na bei ya siku iandikwe ubaoni kila mwanachama aione.

Mbalamwezi ikiingia mitumbwi itapumzika, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Tumieni siku hizo kujenga vichanja na kuchora njia ya ndoo yenu kwenye karatasi moja. Tukikutana tena, kila kikundi kije na karatasi yake, na hapo tutajaza fomu za mkopo pamoja, tukijua fedha inakwenda kuziba wapi.

Sasa maswali. Tuanze na akina mama wa kule nyuma.